Mshiriki kaniambia jambo zito baada ya kuzima kinasa sauti. Nilitumie kwenye utafiti?

mwanagenzi

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba mnisaidie kufikiri, maana jambo hili halinitoki kichwani na ripoti inanidai.

Nafanya utafiti wangu wa kwanza wa kimaelezo, ule wa kumalizia masomo. Nawahoji wanafunzi ambao ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu, nataka kujua wanawaelezaje watu wa nyumbani maisha ya masomo. Mada niliichagua kwa sababu mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kila nilichosoma kuhusu wanafunzi wa aina yetu kilijaa asilimia: wangapi wanaacha masomo, wangapi wanamaliza. Nilitaka kusikia mtu anajibu nini mama yake anapopiga simu na kuuliza, "Masomo yanaendeleaje?"

Nimewahoji watu 10, ana kwa ana, kila mmoja kama saa moja. Wote walisaini fomu ya ridhaa. Fomu inasema mazungumzo yatarekodiwa, majina yatabadilishwa, mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na mimi nitakuwa naandika kumbukumbu zangu za uwandani. Kuhusu maneno yanayosemwa baada ya kurekodi kwisha, haisemi kitu.

Sasa kuna mshiriki mmoja, nitamwita Neema, ambalo si jina lake. Kwenye mahojiano alinijibu vizuri lakini kwa ufupi sana. Familia inamtia moyo. Wanaambizana kila kitu. Hakuna shida. Nikazima kinasa sauti, nikamshukuru. Badala ya kunyanyuka, akachukua nakala yake ya fomu akaanza kuikunja, akaikunja tena na tena mpaka haikunjiki, macho yake kwenye karatasi. Ndipo akaniambia jambo kuhusu masomo yake ambalo nyumbani kwao hawalijui kabisa. Sitaliandika hapa. Itoshe kusema linapingana moja kwa moja na yale majibu aliyotoka kunipa. Kisha akaniaga kwa uchangamfu kama vile hakuna kilichosemwa.

Nimerudi kusoma maandishi ya mahojiano yote, na siwezi tena kuyasoma kama mwanzo. Kuna mshiriki mwingine anasema, "Huwa nawaambia niko salama tu." Msimbo niliompa, yaani lebo fupi ya kupanga majibu, ni "mawasiliano mafupi". Leo nikiusoma huo mstari najiuliza neno "tu" limebeba nini.

Msimamizi wangu amesema nifikirie mwenyewe kwanza, nimpelekee hoja zangu. Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anasema amekupa kwa hiari yake, hiyo ni data. Mwingine anasema alisubiri uzime makusudi, kwa hiyo hujasikia kitu. Kila mmoja ana hoja, na mimi sitaki kumdhuru huyu dada hata kidogo. Mliowahi kufika hapa mlifanyaje?

kalamu_nyeusi

Pole na kazi, na umefanya vizuri kutolitaja jambo lenyewe hapa.

Nimefanya mahojiano kwa miaka mingi kidogo, na nikuambie kwamba hili hutokea sana. Kinasa sauti kikizimwa, mtu hupumua. Anaacha kuwa mshiriki, anarudi kuwa mtu anayezungumza na mtu. Ndiyo maana siwakubalii wenzako wote wawili. Yule anayesema "ni data" anasahau kwamba Neema alizungumza na wewe, hakuzungumza na ripoti yako. Yule anayesema "hujasikia kitu" anataka jambo lisilowezekana. Umeshasikia, na umekiri mwenyewe kwamba limebadilisha unavyosoma mahojiano mengine.

Ridhaa haimalizikii kwenye sahihi. Ile Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 kule Marekani, ambayo kamati nyingi za maadili bado zinaitegemea, inaanza na kumheshimu mtu kama mwenye uamuzi wake, ndipo yanafuata kumtendea mema na kumtendea haki. Mwenye uamuzi yupo, unamfahamu, na bila shaka namba yake unayo. Muulize.

Ila jinsi ya kumuuliza ndiyo kazi yenyewe. Usimwandikie ujumbe wenye siri yake ndani, simu za watu hushikwa na wengine. Mwandikie kwamba ungependa mzungumze dakika chache kuhusu mahojiano yenu, achague muda na mahali. Mkikutana, mwambie wazi: "Ulichoniambia mwishoni sijakiandika kwenye ripoti. Naweza kukitumia, au kukitumia bila jambo lolote la kukutambulisha, au kukiacha kabisa." Halafu nyamaza. Unyamaze kweli. Mtafiti mwanafunzi hupenda kujaza kimya kwa maelezo ya umuhimu wa utafiti wake, na hapo mtu anaanza kukubali kwa kukuonea huruma.

Akikataa, hadaiwi sababu, na ule ukurasa wa daftari unauharibu.

rafu_ya_tatu

Nakubaliana na kalamu_nyeusi kwa sehemu kubwa, lakini naona kuna hatari mbili hajazigusa.

Ya kwanza ni kwamba kubadilisha jina hakutoshi. Mtafiti Martin Tolich aliandika mwaka 2004 kuhusu usiri wa ndani, yaani msomaji wa nje hatamtambua mshiriki wako, ila mtu wa karibu naye atamtambua kwa mistari miwili. Umewahoji watu 10, na pengine wanafahamiana. Ukiandika "mshiriki wa kike, mwaka fulani, idara fulani, alisema familia yake haijui kitu fulani", wenzake darasani wamemaliza kazi. Jiulize nani wanaosoma ripoti za chuo chenu na zinawekwa wapi zikishapitishwa. Chuo kikiziweka mtandaoni, hata watu wa nyumbani kwake wataweza kuisoma.

Ya pili ni wewe mwenyewe. Umesema nawe ni wa kwanza kwenu kufika chuo. Neema alilijua hilo? Kama alilijua, huenda ndiyo sababu alikuambia. Hilo ni la kuandika kwenye sura ya mbinu: kwamba wewe ni mmoja wao, na jinsi hali hiyo ilivyofungua milango na jinsi ilivyoweza kufunga mingine. Wapo pia watakaokuficha kwa sababu hiyo hiyo, wakihofia utawalinganisha na wewe.

Na hata Neema akikataa, utafiti wako hauporomoki. Siri yake ni yake. Lakini swali ambalo siri hiyo imekuachia ni lako: kwa nini watu wanajibu "hakuna shida"? Virginia Braun na Victoria Clarke, waliofafanua mwaka 2006 hatua 6 za uchambuzi wa dhamira, yaani kupanga data kwa mawazo makuu yanayojirudia, wanasisitiza kwamba dhamira hazijilalii kwenye data zikingoja kuchimbuliwa kama viazi. Mtafiti huzijenga kwa kusoma na kuuliza. Rudi kwenye yale uliyorekodi kwa ridhaa, soma majibu mafupi kwa makini kuliko marefu. Sikiliza sauti tena, usitegemee maandishi peke yake. Angalia mtu anapobadilisha mada, anapocheka pasipo na cha kuchekesha, anapoanza na "kusema kweli".

takwimu_kwanza

Samahani kuingilia, lakini watu 10 wanathibitisha nini? Hata huyo Neema akiruhusu, ni mtu mmoja.

rafu_ya_tatu

Hathibitishi wangapi wanaficha. Kwa hilo tumia hojaji na sampuli kubwa. Anachotafuta ni jinsi wanavyofanya na maana yake kwao, na hapo kinachohesabiwa ni kama mahojiano mapya bado yanaleta jambo jipya. Mtafiti Guest na wenzake walilichunguza hilo mwaka 2006 kwa mahojiano 60 ya wanawake katika nchi mbili za Afrika Magharibi. Katika 12 ya kwanza misimbo karibu yote ilikuwa imeshajitokeza, na misingi ya dhamira kuu ilionekana tangu 6 ya mwanzo. Lakini wanawake wale walikuwa na mambo mengi ya kufanana na waliulizwa maswali yale yale. Namba hiyo usiibebe kama sheria.

takwimu_kwanza

Sawa, nimekuelewa. Basi asiandike "wanafunzi wengi wanaficha". Aandike alichosikia.

mwanagenzi

Hilo nalichukua, ahsante. Nilikuwa nimeshaandika "wengi" kwenye rasimu, nimelitoa.

Nimerudi kuwaeleza yaliyotokea, maana mlinisaidia. Nilimpelekea msimamizi hoja zenu pamoja na zangu. Alikubali nimuulize Neema, kwa sharti kwamba niandike kwanza nitakachomwambia naye akisome. Tulikubaliana pia fomu ya ridhaa iongezwe mstari unaosema maneno yatakayosemwa nje ya kurekodi hayatatumika bila kuulizwa upya, na mabadiliko hayo tuyapeleke kwenye kamati ya maadili. Kamati imeyapitisha.

Neema alichagua mahali penye watu, tukaketi kwenye benchi. Nikasema maneno niliyoyaandika, nikanyamaza. kalamu_nyeusi, ule unyamazaji ni mgumu! Niliona kabisa akipima. Mwisho akasema, "Andika kwamba wapo wanaoficha matokeo. Usiandike ni matokeo gani, na baba usimtaje." Nikamuuliza kama angependa hata hilo niliache. Akasema hapana, anataka liandikwe, kwa sababu alidhani yuko peke yake.

Kisha akauliza kama kinasa sauti ninacho. Nilikuwa nacho. Akataka niwashe.

Na hapo alinieleza kitu ambacho nisingekiwaza. Nyumbani huwapigia akiwa njiani kwenda darasani, na hawapigii wakati mwingine wowote. Anasema akiwa njiani simu ina mwisho wake: "Nimefika, mwalimu anaingia." Hakuna anayeudhika, na swali la masomo halifikii kina. Wakipiga wao jioni hapokei, anawaandikia kwamba yuko maktaba, kesho yake anawapigia njiani. Kwake kuwanyima wazazi habari si dharau. Alisema, "Wao wananipa moyo, na mimi nawalinda wasiupoteze."

Nikarudi kwenye maandishi ya wengine kama rafu_ya_tatu alivyoshauri. Kuna wawili zaidi wanaotaja kupiga simu wakiwa wanatembea! Walikuwa wameshaniambia, kwenye rekodi, kwa ridhaa kamili. Mmoja anasema, "Napenda kuongea nao nikiwa njiani," na mimi niliendelea na swali lililofuata kwenye mwongozo, kwa sababu wakati huo mstari ule haukuwa na cha kuulizwa. Yule wa "niko salama tu" naye, nikisikiliza sauti yake, nyuma yake unasikika mlango, anasema "subiri kidogo", halafu ndiyo anajibu. Alikuwa anapima jibu. Kwenye karatasi hicho hakipo.

Dhamira yangu imebadilika. Zamani ilikuwa "mawasiliano hafifu na nyumbani", na hilo sasa naona si haki kwao. Hakuna hafifu hapo. Ufupi wa zile simu unapangwa, kwa kuchagua saa, mahali na namna ya kukata, na unapangwa kwa mapenzi. Kwa sasa nimeiita "kuilinda nyumbani". Msimamizi amenitaka nitafute mshiriki ambaye simulizi yake inaipinga, na yupo: mmoja humsomea dada yake alama zake zote kwa simu, hata mbovu. Naye ataingia, kwa urefu ule ule.

Nimebaki na swali moja. Lile jambo la kwanza, lililosemwa kinasa sauti kikiwa kimezimwa, Neema ameruhusu kwa masharti yale. Naliandikaje? Maneno yake halisi sina, nina nilichoandika daftarini baada ya yeye kuondoka.

kalamu_nyeusi

Umenifurahisha sana na hiyo "kwa mapenzi". Hakikisha inabaki kwenye ripoti, hata mtahini akisema haina utaalamu.

Usiweke alama za kunukuu. Alama zile zinamwambia msomaji kwamba ndivyo mtu alivyotamka, nawe huna uhakika huo. Andika kwa maneno yako mwenyewe, na useme wazi kwamba yametoka kwenye kumbukumbu za uwandani, kwamba mshiriki aliyasema baada ya kurekodi kumalizika, na kwamba aliruhusu yatumike alipoulizwa baadaye. Usilipe jambo hilo hata lile jina bandia ulilompa kwenye nukuu nyingine. Andika "mshiriki mmoja". Msomaji akiunganisha nukuu zake zote chini ya jina moja, hata likiwa la bandia, anapata picha nzima.

rafu_ya_tatu

Hilo la mwisho ni muhimu sana. Na kabla hujakabidhi, mpelekee Neema aya zinazomhusu, azisome mkiwa pamoja, si kwa barua pepe. Akitaka neno litoke, litoke.

mwanagenzi

Tunaonana naye Alhamisi. Aya zimeshachapishwa, ziko kwenye bahasha.