Grupu la wapangaji Tabata: nani anatumalizia umeme?

Mama Zuhura: Jamani habari za asubuhi. Mita yetu ya LUKU imebaki yuniti 4 na juzi tu ndo tumechanga. Leo naomba tuambiane ukweli. Chumba cha 5 TV inashinda na kataa kekundu kutwa nzima mwenyewe yuko kazini, chaja zinaning'inia ukutani hazina simu, alafu mchango tunatoa sawasawa. Hapana kwakweli

Deo chumba 5: Shkamoo mama Zuhura. TV naizima na rimoti kila nikitoka, hako kataa ni stendibai tu

Mama Zuhura: Marahaba. Hiyo stendibai ndo inakula mwanangu. Hata soketi ukiacha swichi yake on bila kitu umeme unavuja

Mama Junior: Hata mi nimeskia hivyo, dada yangu wa Mbagala anazima swichi zote za ukutani kabla hajalala

Baba Shani fundi: Asalaam aleikum wapangaji wenzangu, ndo nashuka saiti naona meseji. Mama Zuhura una haki ya kuuliza ila hapo tunamkamata asiyehusika. Soketi tupu haili kitu. Umeme upo pale unasubiri, volti 230, ila hauendi popote mpaka upate njia ya kutoka kwenye laivu, waya unaoleta umeme, upite ndani ya kifaa urudi kwenye nyutro, waya wa kuurudisha. Ni kama bomba lenye presha koki ikiwa imefungwa, mita ya maji haisogei. Na kifaa ndo kinachoamua kivute kiasi gani, soketi haikisukumii

Mama Zuhura: Na TV ya Deo je

Baba Shani fundi: TV za siku hizi kwenye stendibai zinavuta wati moja au chini ya hapo. Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, kwahiyo wati 1 masaa 24 siku 30 haifiki hata yuniti moja kwa mwezi. Elfu kumi inatupa yuniti kama 28, kwahiyo yuniti ni kama 357, hapo TV ya Deo ni shilingi 250 hivi kwa mwezi mzima. Chaja isiyo na simu ni chini ya hapo

Deo chumba 5: 🙏🙏

Baba Shani fundi: Ila Deo usishangilie, king'amuzi chako ukikizima na rimoti hakilali kabisa, vingi vinabaki na wati kama 10, hizo ni yuniti 7 kwa mwezi, elfu mbili na mia tano hivi. Hicho zima swichi ya ukutani ukitoka

Deo chumba 5: Sawa fundi kuanzia leo

Mama Junior: Sasa kama sio stendibai umeme unaenda wapi?? maana mi nina taa mbili na feni

Baba Shani fundi: Dada feni ni wati 50 au 60, ukilala nayo usiku mzima haimalizi yuniti. Umeme unaliwa na vitu vya kutengeneza joto na vya kutengeneza baridi, jagi la kuchemshia maji, pasi, koili ya kuogea, friji. Jagi wati 2000 linatisha ila linachemka dakika tano linazima, chai yako ni kama shilingi 60. Ndoo ya lita 20 ya kuoga ukiipasha na koili mpaka iwe ya vuguvugu ni shilingi 150 na ushee, sasa watu wanne kila asubuhi piga hesabu mwenyewe. Unatazama wati unatazama na masaa, kimoja peke yake hakikwambii kitu

Mama Tatu: Naona mnanizunguka, semeni tu friji. Mi nauza barafu za ubuyu hapo mlangoni watoto wanakula, sijaficha

Mama Zuhura: Hamna aliyekutaja dada

Baba Shani fundi: Mama Tatu hakuna anayekuonea na biashara yako tunaipenda. Ila friji lako nimelisikia, mota yake haipumziki. Friji lisilo na tatizo linawaka linazima lenyewe, linaweza kula yuniti moja au moja na nusu kwa siku. Lako mpira wa mlango umechanika, baridi inatoka usiku kucha. Kama mota inavuta wati 150 bila kupumzika ni yuniti 3.6 kwa siku, karibu 1,300 kila siku inayopita. Weka noti katikati ya mlango funga, ikivutika kirahisi mpira umekufa. Badilisha mpira, lisogeze kidogo mbali na ukuta lipumue nyuma

Mama Tatu: Noti imetoka yenyewe 😔 ntanunua mpira. Na mwezi huu naongeza elfu tano kwenye mchango

Mama Zuhura: Mungu akubariki mama Tatu

Baba Shani fundi: Sasa kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko hizo yuniti. Mama Junior ile ekstensheni yako jagi na pasi vyote viko juu yake. Plagi ya pini tatu ndani ina fyuzi, kubwa kabisa ni ampia 13, hiyo ni kama wati 3,000. Jagi 2000 pasi 1200 umeshapita. Na waya wa ekstensheni za bei chee ni mwembamba, unachemka kabla fyuzi haijakata. Plagi yako jana nimeiona imekuwa kahawia, hapo mguso umelegea na panapolegea panapata moto. Jagi lichomeke ukutani peke yake. Na fyuzi ikikatika msizungushie karatasi ya sigara jamani, mnaondoa kitu kinachowalinda

Deo chumba 5: Fundi na ile ya kuchomeka kalamu tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie?

Baba Shani fundi: ACHENI. Tundu la juu ni la ethi, waya wa ardhini, pini yake ni ndefu makusudi iingie kwanza ifungue vifuniko vya matundu ya chini. Vile vifuniko vimewekwa kwa ajili ya kina Junior wasiingize misumari. Ukifungua na kalamu umeacha laivu wazi, na ile chaja inakaa imelegea inatoa cheche. Nunua adapta

Mama Junior: Ekstensheni nimeshaichomoa, Junior ana miaka miwili mie sitaki hata kufikiria

Mama Zuhura: Fundi sasa mchango tufanyeje, maana vyumba sita mita moja

Baba Shani fundi: Mita moja ndo maana hata ile bei nafuu ya wanaotumia chini ya yuniti 75 kwa mwezi hatuipati. Dawa ya mchango ni mita ndogo kila chumba, Kariakoo zipo, tunachanga kwa namba sio kwa maneno. Kabla ya hapo leo saa mbili usiku kila mtu azime breka ya chumba chake nami nasimama kwenye LUKU. Kile kitaa chekundu cha mita kikiendelea kupiga na wote tumezima, kuna waya unavuja au kuna mtu kaunga umeme kwa siri. Alafu tunawasha chumba kimoja kimoja nahesabu mapigo

Mama Tatu: Mi nianze

Mama Zuhura: Nami nipo. Deo uwahi kurudi, na mama mwenye nyumba ntampigia mie aje ashuhudie