Mwalimu wa poka alituuzia nusu ya hesabu, dola 100 yangu ikaenda!!

Bandugu wa Goma na wengine wote mutanisamehe, leo sijalala. Kuko muzee moja hapa Himbi, jina naliacha, anajiitaka mwalimu wa poka, ule mchezo wa karata wa pesa. Alitutoza dola 5 kila mutu kwa somo, na yangu ya kwanza aliikataa juu ilikuwa na katundu kadogo pembeni, nikaenda kuibadilisha kwa kambiste kwa hasara. Sawa.

Somo lenyewe njo hili: ukiwa na karata 4 za rangi moja (alama moja, kama kere zote) unangoja ya tano, kwa 13 zimebaki 9, zidisha mara 4, ni asilimia 36 ya kuipata, fuata tu, ni kusema lipa uendelee. Basi! Tena tukamupigia makofi.

Alhamisi umeme umekatika, tunacheza Texas (poka ya karata 2 zako na 5 za wote mezani) na tochi ya telefone imeegemezwa kwenye chupa. Niko na asi na 8 za kere (kopa kwa nyie wa pwani). Tumebaki batatu, kila mutu ameweka 4, poti (pesa za katikati) 12. Flopu (karata 3 za kwanza mezani) inatoka rwa (mufalme) ya kere, 5 ya kere, 2 ya trefle. Jamaa anaweka 10, mwingine anatupa, mie nazidisha mara 4 kama mutoto wa shule, nafuata. Turni, karata ya ine, inakuja 9 ya pike, bure kabisa. Jamaa anaweka 30.

Sasa hapo njo hasira yangu iko. Ile mara 4 inafaa ukiona karata zote mbili bila kulipa tena, kama mutu amekwisha kuweka zake zote kwenye flopu! Kumebaki karata moja unazidisha mara 2, kwa hesabu kamili ni 9 juu ya 46, haifike hata asilimia 20. Na bei ya poti je? Nalipa 30 kutafuta 62, ni kama mara mbili tu, wakati nilihitaji poti inipe zaidi ya mara 4. Hata ile 10 ya kwanza ilikuwa ghali, kwa poti ya 22, labda kama ningekuwa na hakika atanilipa vizuri kere ikitoka, na nani analipa vizuri akiona kere 3 mezani?

Nikafuata tu, juu nilishaweka 10, ujinga wangu huo nao naukubali.

Riva, karata ya mwisho: 9 ya kere. Kulere (kere 5) yangu hiyo! Nikasukuma 56 zote zilizobaki, mikono inatetemeka, jamaa hakufikiri hata sekunde, akafungua rwa mbili. Rwa 3 na 9 mbili, fuli, inapita kulere. Kumbe mu zile kere 9 zangu, ile 2 na ile 9 zilikuwa zake, zinaleta namba mbili sawa mezani zinamupa fuli, mie nilikuwa na 7 tu tangu turni na nilikuwa nazihesabia kwa furaha karata za kunichinja.

Namupigia mwalimu asubuhi, ananiambia eti "hesabu yako ilikuwa sawa, bahati njo mbaya." Bahati gani wee muzee?? Na anauliza kama nakuja Jumapili kwa somo la pili, dola 10, na nisilete tena noti yenye tundu.

Wale mulilipa pamoja na mie, kuko mutu alimusikia akisema hata mara moja neno bei ya poti? Jibuni hapa chini.