Usuluhishi wa maji bila zamu wala kipimo ni kupotezeana muda

Wakuu, nimechoka na hivi vikao vya kusuluhisha ugomvi wa maji ya kumwagilia mashamba. Tunapeana mikono, karatasi ya mahudhurio inajaa sahihi, tunatawanyika tukiambiwa yamekwisha. Usiku huohuo mtu wa juu ananyanyua lango la mfereji wake, anachomeka jiwe chini lisishuke, na asubuhi sisi wa mkiani, mwisho wa mfereji, tunakuta tope.

Kila kikao ni tuvumiliane, sisi ndugu. Nani kasema tunachukiana? Tunagombania maji, na maji yanapimika! Pale banioni, maji ya mto yanapoingilia mferejini, panatakiwa ubao wenye alama za sentimita, mto ukishuka kila mtu aone, wote tupunguziwe kwa uwiano. Sasa hivi kiangazi kikibana, wa juu anamwagilia kama kawaida, wa chini anaambiwa asubiri mvua. Na kwa nini yule wa juu aheshimu zamu kama kuivunja hakumgharimu chochote?

Msiniambie haiwezekani. Valencia, Hispania, wakulima wana mahakama yao ya maji, inakaa kila Alhamisi mlangoni mwa kanisa kuu. Waamuzi ni wakulima waliochaguliwa na wenzao wa kila mfereji. Shauri linasikilizwa kwa mdomo, hadharani, na mwakilishi wa mfereji wa mshtakiwa haamui kesi hiyo. Hapo rudieni kusoma, maana kwetu mwenyekiti wa kamati shamba lake limepakana na banio, halafu ndiye anayeamua nani kaiba maji!

Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizodumu kugawana maji bila kuuana. Alikuta walinzi wanaowajibika kwa watumiaji wenyewe, na adhabu inayoanza ndogo ikipanda kwa anayerudia. Sisi hatuna hata mlinzi. Akina mama wanaochota maji ya kunywa kwenye mfereji huohuo hawaitwi kikaoni kabisa, na hili linaniuma kuliko mahindi yangu.

Kikao kijacho sisaini kitu. Nataka ratiba ya zamu yenye saa, ibandikwe banioni, ufunguo wa lango ushikwe na mlinzi tunayemlipa wote, na watu wa mkiani wawemo kwenye kamati. Kama kwenu mmefanikiwa, wekeni hapa mlivyopanga faini na nani anazikusanya, nikawasomee hawa watu.