Tupeane uzoefu: mapishi ya afya kwa wazee, yanagomea wapi?

Kijungujiko:
Wakuu, za jioni. Supu ya karoti na dengu imerudi jikoni sasa hivi, bakuli limejaa vilevile, kimeliwa kijiko kimoja. Haina chumvi, haina mafuta, imesagwa ikalainika, kila kitu kama ilivyoagizwa. Mlaji ana miaka 78 na hukumu yake ni fupi: "Maji ya moto yenye rangi." Wenye kupikia watu wa umri huo, mwageni mnachokijua. Inakwama wapi?

Mwiko Mrefu:
Inakwama puani. Ladha nyingi tunayoisifia ulimi ni kazi ya pua, na pua huchoka kadiri umri unavyosogea. Dawa nyingi nazo hukausha mate au huacha uchungu mdomoni. Sasa wewe ukaondoa chumvi na mafuta siku moja, mzee kabakiwa na nini?

Irudie hivi. Kitunguu kimoja kikubwa, mafuta kijiko kikubwa 1, moto mdogo, dakika 12 hadi 15, mpaka kiwe rangi ya dhahabu. Usikimbize, maana kikiungua pembeni huku katikati ni kibichi, uchungu wake hautoki tena. Tia nyanya ya kopo kijiko kikubwa 1 isiyo na chumvi, kaanga dakika 2 mpaka rangi ikolee kuwa ya matofali. Kitunguu saumu nusu dakika tu. Halafu karoti 3, dengu nyekundu gramu 200, maji lita 1.2. Chemsha dakika 25. Epua, ndipo ukamulie nusu limau. Limau likichemka muda mrefu, harufu yake huondoka na mvuke ukabaki ukali mtupu.

Chumvi robo kijiko cha chai, mwishoni, sufuria nzima. Hiyo ni kama gramu 1.5, ukigawa bakuli 4 hazifiki gramu 0.4 kila moja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Nafasi ipo. Na mafuta usiyafute, rangi ile ya karoti mwili hauichukui vizuri bila mafuta.

Pilipili Manga:
Umenena. Nyanya isipokaangwa supu inanuka kopo.

Tone la Limau:
Mnajitesa bure. Kuna chumvi mbadala, ile ya potasiamu. Ladha ileile, presha haipandi. Mwaga tu.

Nesi Mstaafu:
Tone la Limau, hilo "mwaga tu" lifute. Figo zikiwa dhaifu hazitoi potasiamu ya ziada, na ikilundikana kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Na baadhi ya dawa hizohizo za presha, mfano enalapril, lisinopril, losartan, spironolactone, nazo huzuia potasiamu isitoke. Kwa hiyo mzee wa presha ndiye unayemsogezea kopo, na ndiye asiyepaswa kulishika kabla ya kuuliza anayemtibu.

Tone la Limau:
Sio kila mzee ana figo mbovu, mama. Mnatisha watu. Kwa mwenye figo nzima hiyo chumvi inasaidia kweli.

Nesi Mstaafu:
Inasaidia, sijakataa. Lakini figo mbovu hazipigi hodi, mwanangu. Kipimo cha damu kwanza, kopo baadaye.

Kidole Juu:
Supu ikizidi chumvi tupia kiazi kibichi, kinanyonya chumvi yote.

Fundi Sufuria:
Kiazi kinanyonya maji yenye chumvi, hakichagui chumvi kikaacha maji. Kitoe, uonje, ni chumvi ileile. Dawa ni kuongeza maji na dengu nyingine zisizo na chumvi. Na mkumbuke vile vidonge vya supu, karibu nusu ya uzito wa kidonge huwa ni chumvi. Mtu anajisifu hajatia chumvi kumbe katia vidonge viwili.

Kidole Juu:
Basi kiazi kiliwe na kitunguu 😂

Jiko la Pembeni:
Mnabishania chumvi, lakini neno "imesagwa" hapo juu limeniamshia jambo lingine. Supu isiyosagwa ndiyo inayoua. Ngojeni niiseme yote, maana hutokea hivihivi nyumba baada ya nyumba.

Meza imeandaliwa. Supu nyepesi ya kuku, ndani yake vipande vya nyama na wali. Chakula chepesi cha mgonjwa, ndivyo kila mtu anavyodhani. Mlaji ana miaka themanini na kitu, meno bandia ya juu tu, ya chini yako kwenye glasi. Televisheni inanguruma. Kijiko kinaingia mdomoni kikiwa na vitu viwili: maji yanayokimbia na nyama inayohitaji kutafunwa. Maji yanatangulia kooni huku nyama bado iko mashavuni. Mtu wa upande wa pili anamuuliza swali. Anavuta pumzi ili ajibu.

Kimya.

Ukimya huo ndio ishara. Anayekohoa bado anapitisha hewa, mwache akohoe, muinamishe mbele, usimpige. Huyu hakohoi. Mdomo wazi, mkono shingoni, midomo inaanza kuwa ya bluu. Na hapo meza nzima hufanya makosa matatu kwa pamoja. Mmoja analeta maji, na maji hayana pa kupita. Mwingine anaingiza vidole bila kuona kitu, anakisukuma ndani zaidi. Wa tatu anampiga mgongoni akiwa ameketi wima, kipande kinashuka badala ya kutoka.

Inavyotakiwa: mtu mmoja apige simu ya dharura. Wewe simama ubavuni mwake kidogo kwa nyuma, mkono mmoja umshike kifuani, muinamishe kweli, kichwa kiwe chini ya kifua. Piga mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kila pigo liwe na nia ya kukitoa, si la kubembeleza. Angalia mdomoni kila pigo. Hakijatoka? Nenda nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, mkono wa pili uishike, vuta ndani na juu mara 5. Rudi mgongoni 5, tumboni 5, mpaka kitoke au azimie. Akizimia, mlaze chini, anza kukandamiza kifua. Kikitoka, akaonwe na daktari hata kama anacheka, maana kule kuvuta tumbo kunaweza kuumiza ndani.

Na kinachotoka huwa kipande cha kuku kisichozidi ukucha wa dole gumba.

Msomaji Kimya:
Uwii. Nimeweka simu chini kwanza.

Pilipili Manga:
Na mwenye tumbo kubwa mikono isipokutana? Au aliye kwenye kiti cha magurudumu?

Nesi Mstaafu:
Mikono isipofika tumboni, vuta kifuani, katikati ya mfupa wa kidari. Wa kwenye kiti: funga breki, muinamishe palepale, mgongoni 5. Asipopona piga magoti nyuma ya kiti, mzungushe mikono. Usipoteze dakika kumtoa kwenye kiti.

Kijungujiko:
Mada yangu imetekwa, lakini sawa, hii ni kubwa kuliko supu. Sasa vipande viwe vya ukubwa gani?

Jiko la Pembeni:
Kuna mfumo wa kimataifa wa kupanga ulaini wa chakula na uzito wa vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, unaitwa IDDSI, ngazi 0 mpaka 7. Ngazi inayomfaa mtu aitaje mtaalamu baada ya kumpima anavyomeza, usijipangie. Ila vipimo vyake vinafanyika kwa uma wa kawaida. Ngazi ya 6, chakula laini: kipande kisizidi sentimita 1.5, na ukikigandamiza kwa uma mpaka ukucha wako uwe mweupe, kipondeke kisirudi umbo lake. Ngazi ya 5, kilichosagika kikiwa na majimaji: chembe zisizidi milimita 4, ambayo ni karibu nafasi iliyopo kati ya meno ya uma. Ngazi ya 4, rojo laini: kiteke kwa kijiko, kiinamishe, kianguke donge zima, kijiko kibaki karibu safi. Kikining'inia kama gundi ni kosa, kikimiminika ni kosa.

Aketi wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Supu na vipande, tenga: supu bakuli lake, nyama iliyosagwa na rojo sahani yake.

Fundi Sufuria:
Hapo kwenye gundi niongeze. Watu wanachukua viazi vilivyoiva wanavitia kwenye blenda. Visu vinapasua chembe za wanga, kiazi kinakuwa gundi ya karatasi na kinashika kwenye kaakaa. Kiazi pondea kwa mkono au kipitishe kwenye chekecheke kingali moto. Blenda waachieni karoti na dengu. Na supu ya moto kwenye blenda isipite nusu ya jagi, toa kile kifuniko kidogo cha katikati, funika kwa kitambaa, anza mwendo wa chini. Ukifunga mvuke ndani, mfuniko unaruka, supu inakwenda darini na mkononi mwako.

Tone la Limau:
Supu ikiwa nyepesi korogea wanga wa mahindi, kijiko kikubwa 1 kwa maji baridi vijiko 2, mimina ikichemka. Shida imekwisha.

Jiko la Pembeni:
Haijaisha. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi bakulini mara kumi, mwisho wa mlo rojo imeshakuwa maji, na mlaji wa pole pole ndiye anayeifikia hiyo sehemu ya maji. Kwa anayepaliwa tumia unga wa kuzidishia uzito wa zanthani (xanthan gum), mate hayauvunji. Kiasi fuata kopo, kila ngazi na kijiko chake. Nyunyiza taratibu huku unapiga kwa mchapo, halafu subiri dakika zilizoandikwa kabla ya kuamua kuongeza. Wengi wanaongeza mapema, linakuwa bonge.

Tone la Limau:
Leo siruhusiwi kusema kitu.

Kidole Juu:
Sema, sisi tunakurekebisha tu, ni huduma ya bure.

Dada Chekecheke:
Mimi hoja yangu ni hiyo supu ya karoti hata ikinoga, mzee anashiba maji. Watu wenye umri mkubwa wanahitaji protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa wenye ugonjwa wa figo ambao hupangiwa chini ya hapo. Kilo 60 ni gramu 60 mpaka 72. Yai moja lina kama 6, maziwa mililita 250 kama 8, dengu zilizoiva gramu 100 kama 9. Bakuli moja la supu tupu mchana halifikishi.

Njia rahisi ya kuongeza bila kuongeza wingi: maziwa nusu lita, unga wa maziwa vijiko vikubwa 4. Koroga unga na maziwa baridi kidogo kwanza uwe uji mzito, ndipo umimine yaliyobaki. Ukiutupa kwenye maziwa ya moto unashika madonge. Tumia hayo kupikia uji wa oti: oti gramu 40, maziwa mililita 240, dakika 5 moto mdogo.

Pilipili Manga:
Milo mitatu mikubwa inatosha, msimsumbue mzee.

Dada Chekecheke:
Mitatu mikubwa ndiyo inayorudi jikoni. Mitano midogo, sahani ndogo.

Kidole Juu:
Minne. Nimewapatanisha.

Nesi Mstaafu:
Kabla watu hawajakimbilia mboga za majani kilo nzima: anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani. Vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Si kwamba aache, ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Na balungi halipatani na simvastatin, dawa ya lehemu, wala na baadhi ya dawa za presha. Hata glasi moja ya juisi, aulize kwanza.

Mwiko Mrefu:
Maharage je? Mbona hakuna aliyeyataja? Kuna wanaotia magadi soda yaive haraka. Yanaiva, lakini vitamini B1 inaharibika, na kijiko kimoja cha chai kina sodiamu kama miligramu 1,200, wakati kikomo cha siku ni 2,000. Loweka usiku kucha, mwaga maji, basi.

Fundi Sufuria:
Na yale mekundu makubwa yenye umbo la figo yasipikwe kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo yakiwa mabichi. Yana sumu ya lektini. Joto la nyuzi 80 haliivunji, linaweza hata kuizidisha ukali. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya yanayotokota kwelikweli nusu saa, ndipo uhamishie kwenye chungu. Yakiliwa bila kuiva, kutapika kunaanza ndani ya saa 1 hadi 3, na mzee akitapika anakauka maji upesi.

Sufuria ya presha nayo kwa maharage na nafaka isipite nusu. Povu likiziba tundu la mvuke, utaomba usiwe jikoni.

Msomaji Kimya:
Na wali wa jana?

Nesi Mstaafu:
Wa jana uliotandazwa upoe na kuingia friji ndani ya saa moja, ndiyo, leo tu, upashwe moto mara moja mpaka utoe mvuke wote. Wa jana uliolala jikoni, tupa. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kupikwa, na sumu yao haiondoki kwa kupasha.

Kijungujiko:
Nimepata kazi ya wiki nzima. Supu inarudiwa kesho kwa kitunguu cha dakika 15 na robo kijiko cha chumvi, mchana ni mayai, jioni oti. Swali la mwisho kwa Dada Chekecheke: vile vijiko 4 vya unga wa maziwa ni vya kufurika au vya kusawazisha?

Dada Chekecheke:
Vya kusawazisha. Pitisha mgongo wa kisu juu.