Ufukwe umezibwa ukuta mpaka majini, na sisi wa detekta tunafukuzwa kama wafukua makaburi. Inatosha sasa!

Wakuu salaam, naandika nikiwa na hasira na sifichi.

Kuna kipande cha ufukwe huku Kigamboni, mtaa siutaji maana mambo hayajaisha, sisi wenye detekta, zile mashine za kutafutia vitu vya metali mchangani, tumekwenda pale miaka na miaka, tunapita kichochoro kilekile wanachopita wavuvi na akina mama wa kombe, tunasalimia, tunapima, tunafukia vishimo vyetu, tunaondoka. Sasa kichochoro kimezibwa. Ukuta wa tofali umeshuka toka barabarani hadi mchangani, juu seng'enge, na haukuishia kwenye minazi, umekwenda mpaka yanapofika maji, yaani bahari ikijaa wimbi linapiga ukuta kabisa na hupiti labda uogelee. Getini mlinzi na kibao ENEO BINAFSI.

Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua, yale maji yanayojaa sana na kukupwa sana, tukafika alfajiri maji yamekupwa mbali. Kwa wasiojua, kipindi cha kusi bahari inakomba ule mchanga laini wa juu inabaki sakafu ngumu, na hapo ndo vitu vya zamani vinasomeka, ukiikosa bamvua moja unasubiri kama wiki mbili na huenda mchanga umesharudi. Basi tukazunguka mbaali kwa miguu tukatokea upande wa pili. Mlinzi akatufuata hadi kwenye maji ana rungu mkononi, nyie ndo wale wa kusaka rupia za Mjerumani, nyie ndo mnafukua makaburi, anapiga kelele mbele ya watu. Tuna mzee wetu pale, mwalimu mstaafu, anaheshimika mtaa mzima, akaambiwa amwage begi lake chini kama kibaka. Akamwaga. Vizibo vya soda, misumari ya jahazi, coin za mia mbili zimeshakuwa nyeusi, na vile vyuma vya risasi vya kuzamishia nyavu ambavyo siku zote tunawarudishia wavuvi. Basi. Mzee hakusema neno, akaokota kimoja kimoja akarudisha. Aisee iliniuma sana.

Tukaenda serikali ya mtaa. Jibu tulilopewa: mwekezaji ana hati, nyie mna kibali gani?

Kibali cha kutembea ufukweni jamani! Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ufukweni. Ukuta wa tofali na zege ni kitu cha kudumu. Mtu na hedifoni zake na chekecheo sio kitu cha kudumu, maji yakijaa hata alama za miguu yake hazipo. Sasa kati yetu nani anatakiwa aulizwe kibali? Na mjue sio sisi tu tulioumia, wenye ngalawa sasa wanazunguka na mizigo yao ya samaki begani, na wale mama wa kombe wengi wameacha kuja kabisa. BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, ipo, wanajua, wanaogopa kusema.

Hili la rupia niliseme vizuri maana ndo fimbo wanayotuchapia. Ni kweli Mjerumani alichonga sarafu ya dhahabu ya rupia 15 Tabora mwaka 1916, vita imembana, ile yenye tembo. Kutokea hapo watu wameaminishwa kila boma la Mjerumani na kila mbuyu una sanduku chini yake, waganga wanakula hela za watu, matapeli wanauza "ramani", na kuna wajinga wanaingia usiku kwenye makaburi ya watu na sululu. Hao tunawalaani kuliko mtu yeyote. Lakini angalieni makaburi ya kale pale Kunduchi, yalipachikwa mabakuli ya Kichina, leo mengi yamebaki matundu ya duara tu. Yule aliyeyang'oa alikuja na tindo. Bakuli la kaure halisomi kwenye detekta hata ulizungushe kutwa nzima! Sisi Kunduchi hatupimi, magofu ya Kaole hatupimi, makaburini na kwenye mizimu hatusogei, na mgeni akijiunga na sisi hilo ndo neno la kwanza anaambiwa.

Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kifaa kuwa cha kale kama kimetengenezwa kabla ya 1863. Tunachookota ufukweni ni heller, visarafu vidogo vya Mjerumani, za 1904 kuja huku, senti za King George zenye tundu, ukibahatika sana pesa ya shaba ya Sultan Barghash yenye mizani, ya 1299 Hijria, ambayo ni 1882. Kikionekana kitu cha kabla ya 1863 hakichimbwi, kinatolewa taarifa. Tunaijua sheria kuliko hao wanaotufukuza.

Kuna dada alipoteza pete ya ndoa palepale kabla ukuta haujajengwa, alikuwa anaogelea na watoto. Alikuwa analia kweli kweli, mume hajui bado. Tulipanga mistari, maji ya magoti, koili, yale masahani ya chini ya detekta, zinagusana, tukaenda taratibu toka kwenye jiwe hadi ngalawa ilipofungwa, ikapatikana imelala chini ya kizibo cha bia. Hatukuchukua hata mia. Ikipotea nyingine leo pale nani ataruhusiwa kuitafuta?

Bara nako hivyohivyo. Kuna kijito Handeni tulikuwa tunaosha mchanga kwa karai kutafuta dhahabu kwa ruhusa ya mwenye shamba, eneo sasa limekatiwa leseni na mtu mwingine, tukaondoka kwa sababu kisheria ni haki yake na madini hayachimbwi bila leseni. Ila PML, ile leseni ya mchimbaji mdogo, ni ya mtu anayetaka eneo lake achimbe miaka 7, mimi wa karai moja na wikiendi yangu sina leseni inayonifaa. Western Australia mwananchi anakata kibali chake kinachoitwa Miner's Right anatembea na detekta kihalali. Nasi tupeni kitu kama hicho, tutalipia, tutafuata masharti, lakini msituache hewani kila mwenye rungu atufanye anavyotaka.

Sasa naomba msaada wa maana. Mwenye kujua namna ya kupata ramani ya mipango miji inayoonyesha vichochoro vya kwenda baharini upande wa Kigamboni aniambie naanzia dirisha gani. Wanasheria mliomo humu, barua ya mita 60 inaanzia NEMC, lile baraza la mazingira la taifa, au manispaa? Wavuvi wamekubali kusaini na sisi, mzee mwalimu ndo anaiandika, na mkutano wa mtaa ukiitishwa tunakwenda wote mchana kweupe na detekta zetu mkononi.