Naomba ushauri: paneli za nje za jengo la biashara na hatari ya moto

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na kuta za nje za majengo marefu.

Jengo ni la ghorofa nane, chini maduka, juu ofisi. Mwenye jengo anataka livikwe paneli za alumini, na nyuma yake kutakuwa na pengo la hewa. Sampuli ya muuzaji nimeikata ukingoni: kati ya bati mbili nyembamba za alumini kuna plastiki nyeusi tupu, polietilini. Paneli za namna hii ndizo zilizosambaza moto kwenye jengo refu la makazi la Grenfell Tower, London, mwaka 2017, watu 72 wakafariki. Muuzaji ananionyesha cheti, lakini nikikisoma naona kimepima paneli peke yake, si ukuta mzima ukiwa umeshafungwa na pengo lake.

Nimependekeza paneli ambazo kiini chake (tabaka la kati) ni cha madini yasiyowaka kirahisi, na pamba ya mawe (kihami joto kisichoungua) nyuma yake. Mwenye jengo analia na gharama (kama kawaida yao) na anasema tubaki na zile zile, ila tuongeze vizuizi vya moto ndani ya pengo, yaani vipande vya kuliziba ili moto usipande kupitia humo.

Sasa naomba kuuliza: vizuizi vikiwekwa kila sakafu na kuzunguka madirisha, vinaweza kweli kufidia kiini cha plastiki, au nikatae moja kwa moja? Na kwa kuwa pengo linahitaji hewa ipite ili unyevu ukauke, mnatumia vizuizi vile vinavyovimba vikipata joto, au kuna njia nyingine?

Natanguliza shukrani.