Nguzo za CCA kwenye bwawa la samaki, dawa inayotoka mnaipimaje?

mfugaji_mafinga:
Wakuu habari zenu. Nina bwawa la perege mita 20 kwa 15, kina mita 1, nataka niweke kigati cha kusimama wakati wa kulisha na kuvua. Huku kwetu nguzo zilizotiwa dawa zimejaa, zile za kijani za CCA, na ukiweka isiyo na dawa inaoza haraka pale pale maji yanapoishia. Sasa ndani ya hiyo dawa mna shaba, kromiamu na aseniki, na hawa samaki nakula na wanangu na nauza. Nikaloweka kipande kwenye ndoo usiku kucha, maji nikapeleka maabara, wakanipa shaba 1.8 mg kwa lita. Jirani ananiambia WHO wanaruhusu mpaka 2 kwenye maji ya kunywa kwa hiyo nisiwe na wasiwasi, mimi moyo haujatulia. Hicho kipimo kinaniambia nini hasa?

kipimo_halisi:
Mkuu umefanya vizuri kuuliza kabla hujachimbia nguzo. Hiyo 1.8 peke yake haikuambii kitu maana inategemea ndoo ilikuwa na lita ngapi na kipande kina ukubwa gani, kwenye maji nusu ya yale ungepata namba kubwa zaidi kwa mbao ile ile. Kinachotafutwa ni kasi ya kutoka, yaani miligramu ngapi kwa kila mita ya mraba ya mbao kwa siku. Chukua mg kwa lita, zidisha lita za maji, gawanya kwa eneo la mbao lililozama, gawanya kwa siku.

Halafu siku moja haitoshi, maana mwanzo inatoka nyingi kisha inapungua. Kuna utaratibu wa kupima wa OECD, lile shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, namba 313 wa mwaka 2007, maji yanachukuliwa na kubadilishwa saa ya 6, siku ya 1, 2, 4, 8, 15, 22 na 29, na pembeni unaloweka kipande kisicho na dawa cha mti ule ule ujue kipi kinatoka kwenye mti wenyewe. Ukipata zile namba nane unachora mstari unaona unashuka mpaka wapi, hapo ndo unaongea. Chupa ziwe za plastiki safi, maji yatiwe asidi ya nitriki kidogo pH (kipimo cha uchachu) ishuke chini ya 2 la sivyo metali inang'ang'ania kwenye chupa na maabara inasoma kidogo kuliko ukweli.

Na jirani yako mwambie hiyo 2 ni ya binadamu. Samaki wachanga na vijidudu wanavyokula vinaumizwa na shaba ndogo sana kuliko hiyo, hasa kwenye maji laini yasiyo na chokaa. Na aseniki umeipima? Ya maji ya kunywa mwisho ni 0.01 mg kwa lita, mimi ningeanza na hiyo.

seremala_wa_ziwa:
Naongezea la upande wa mbao. Kipande chako ulikikata kwenye nguzo? Basi ile miisho miwili iliyo wazi inatoa dawa kwa kasi kuliko ubavu, na kwenye kipande kifupi miisho ndo inatawala kipimo chote, ndo maana wapimaji wanaiziba kabla ya kuloweka. Nguzo ya mita tatu haiko hivyo. Pia dawa ya CCA inahitaji muda ishikamane na mbao, ile kromiamu kali inabadilika kuwa ile tulivu, na kwenye baridi kama ya Mafinga inachelewa. Nguzo mbichi iliyotoka kiwandani inadondosha maji ya kijani usiitumbukize bwawani hata kama umebembelezwa na bei. Na vumbi la msumeno lisianguke kwenye maji kabisa, punje ndogo zinaachia dawa nyingi mno.

mfugaji_mafinga:
Asanteni sana. Aseniki sikupima, na kipande kilikuwa kifupi kweli. Sasa nikishapata hiyo kasi naihamishaje bwawani?

kipimo_halisi:
Tuseme nguzo 20, kipenyo sm 15, zimezama mita 1. Kila moja ina kama mita za mraba 0.47, jumla 9.4. Tuseme kasi imetulia kwenye 10 mg za shaba kwa mita ya mraba kwa siku, hiyo ni mfano tu, weka yako. Inatoka 94 mg kwa siku, na bwawa lako lina lita 300,000, kwa hiyo shaba kwenye maji inapanda 0.0003 mg kwa lita kila siku. Ndogo, lakini kama maji hayatoki wala kuingia inajikusanya, mwezi mmoja karibu 0.01, na hapo kwa maji laini mimi nisingelala. Fungua maji yapite.

Na usipime maji tu. Shaba inajishika kwenye tope la chini, Judith na Peddrick Weis huko Marekani miaka ya 1990 walikuta metali za CCA kwenye tope na kwenye chaza waliokaa karibu na mbao, hasa pale maji yasipotembea. Chukua tope chini ya kigati na jingine mwisho wa bwawa, kabla hujajenga na baada ya mvua za kwanza. Ukiona la kigatini limepanda, usilitoe kwenda kuweka bustanini kwenye mboga.

seremala_wa_ziwa:
Au weka nguzo za zege pale panapozama na mbao yenye dawa ikae juu tu. Mimi kwa bwawa la samaki wa kula hiyo ndo naijenga.